Tartani Mbili Mwili Mmoja

Nikimwona mwanamume amevaa kilti ya tartani moja na tai ya tartani nyingine, macho yananiuma. Sitii chumvi. Miaka kumi na mmoja nimekaa chumba cha nyuma cha duka linalokodisha nguo za sherehe hapa Stockholm, nikipunguza viuno, nikishusha pindo, nikipiga pasi, na kosa la nguo nalisikia mwilini kabla sijaliona vizuri.

Kwa asiyejua, kilti ni ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti, bapa mbele, marinda nyuma, inayoishia katikati ya goti. Tartani ni ile mistari inayokatizana kwenye kitambaa chenyewe, na karibu kila ukoo una ya kwake. Huku Uswidi watu wanazikodi sana. Kuna mwenye bibi wa Uskoti, kuna aliyewahi kusoma kule, na kuna anayetaka tu kupigwa na upepo miguuni siku ya harusi ya rafiki yake. Wote wanapita mikononi mwangu na wote nawaambia yale yale. Tartani ni moja, basi. Tai iwe ya rangi moja tupu, na rangi hiyo uichukue ndani ya tartani yenyewe. Soksi zisigombane na kilti. Ule mkoba unaoning'inia mbele, wa ngozi tupu ni wa mchana, wa manyoya na mnyororo ni wa jioni, na koti nalo lina la mchana na la jioni. Mteja anatikisa kichwa kwa adabu. Nguo zikirudi Jumatatu, ananionyesha picha kwenye simu yake, naona hakusikia hata moja. Manyoya saa saba mchana! Nafunga mdomo, naendelea kutoa madoa ya mvinyo.

Ukali huu sikuzaliwa nao. Mwaka wetu wa pili katika nchi hii, mimi na mume wangu tulialikwa kwenye sherehe ya mkuu wake wa kazi aliyekuwa anatimiza miaka hamsini. Sisi kwetu sherehe ni sherehe. Nilishona kitenge cha njano na zambarau, gauni langu na shati lake, na kilemba changu kilikuwa kirefu hasa. Tulipoingia, ukumbi mzima ulikuwa kijivu na bluu. Mama mmoja akanishika mkono akasema färgglatt, yaani tuna rangi za kuchangamsha, kisha akageuka akawaambia wenzake, nao wakalirudia. Jioni nzima tuliambiwa hivyo. Hakuna aliyetutukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angetutukana mtu ningekuwa na la kumjibu. Mume wangu alicheza muziki mpaka jasho likamtoka, akasema ilikuwa sherehe nzuri. Mimi nilirudi nyumbani kwetu Skärholmen nikakitia kile kitenge kwenye mfuko na kuapa kwamba katika nchi hii hakuna tena mtu atakayenitazama nguo zangu na kutabasamu namna ile.

Basi fikiria siku binti yetu wa pekee alipotuletea mchumba ambaye baba yake ni Mskoti.

Kijana mwenyewe sina neno naye. Mama yake ni Mswidi, amekulia hapa hapa, anafundisha hesabu shule moja ya upande wa Nacka, na wanaishi na binti yetu Fisksätra. Tangu mwezi wa kwanza alijifunza kusema shikamoo, na anaisema kila anapoingia, hata akiwa ametoka kwenda kununua maziwa tu. Jumapili moja ya mwezi wa tatu alikuja na mfuko mkubwa, akakaa kwenye kochi, akamwambia mume wangu kwamba yeye na baba yake watavaa kilti siku ya harusi, na kwamba angefurahi sana kama baba wa bibi harusi naye angevaa, wawe watatu. Akatoa kwenye mfuko kilti ya marehemu baba yake mdogo. Ilikuwa ya kijani cha giza na bluu, na mstari mwembamba mwekundu ukipita kwa mbali.

Lazima nieleze kwa nini mume wangu aliipapasa kwanza ile kilti kabla ya kujibu. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amejua kwamba hatamsindikiza mtoto wake madhabahuni. Waswidi wengi huingia kanisani bibi na bwana harusi pamoja, na binti yetu alisema ndivyo atakavyofanya, yeye si mzigo wa kukabidhiwa. Alisema kwa upole, lakini alisema. Mume wangu alijibu sawa mwanangu, akatoka kwenda kutupa takataka ambazo nilikwisha zitupa. Kwa hiyo siku ile kijana alipoweka kilti mapajani mwake, mzee alikuwa amepewa mahali pa kusimama katika harusi ya mtoto wake. Mimi nililiona hilo. Naliandika hapa ili isije ikadhaniwa kwamba sikuliona.

"Msuli nimevaa tangu sijaota ndevu," alisema, "leo kilti inishinde?"

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimekwisha ichukua kilti, naikagua. Kiuno kilihitaji kutanuliwa, na mikanda ya ngozi ya pembeni ilikuwa imekauka. Lakini marinda yalikuwa yamelazwa na fundi wa kweli: yadi nane za sufu, na kila rinda limekunjwa ili mistari iendelee nyuma kama vile kitambaa hakikukunjwa kabisa. Niliifanyia kazi jioni nne. Mume wangu alipoivaa, ikamkaa. Ana miguu mizuri, na miaka thelathini ya karakana ya mabasi haijamwinamisha mgongo. Nilimfundisha kuikunja akiivua, marinda kwa marinda, nami nikajisikia fahari. Hapo tungeishia, ningekuwa leo na hadithi nzuri ya kusimulia.

Ila kulikuwa na kamati.

Wote tunaozungumza Kiswahili katika mji huu, Mtanzania, Mrundi, Mkongomani, Mkenya, tukipata harusi tunaunda kamati, na kamati ikishaundwa wazazi hamna sauti tena. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja kutoka Bujumbura anayekaa Hjulsta. Tulijuana darasa la Kiswidi, miaka ile sote tulikuwa hatujui hata kuuliza choo. Nampenda sana. Mama wa bwana harusi, kwa nia njema kabisa, alituma kwenye bahasha kipande cha ile tartani yao ya kijani, ukubwa wa kitambaa cha mkononi. Kwa watu wa kilti maana yake iko wazi: tazameni rangi zilizomo, mchague moja kwa ajili ya vilemba na tai zenu, tupatane. Binti yetu alikipokea, akakipeleka kwa mwenyekiti wa kamati bila maelezo, kwa sababu yeye mwenyewe alidhani hakihitaji maelezo.

Kwetu sisi kipande cha kitambaa kikitoka upande wa pili hakisemi tazameni rangi. Kinasema hii ndiyo sare, vaeni hivi. Mwenyekiti wangu hakupoteza hata siku moja. Alizunguka maduka ya vitambaa, ile yenyewe hakuipata, akapata iliyofanana nayo, akanunua jora zima.

Niliiona Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa chama huko Hjulsta. Nimefungua mlango tu, nikakuta meza imetandikwa kitambaa chekundu, chenye mistari ya kijani na bluu, ule mstari mwembamba wa kwenye kilti umegeuka uwanja mzima. Mikasi mitatu ilikuwa inafanya kazi. Vizibao vilikuwa vimekwisha katwa, tai zimekatwa, vilemba vimepindwa, na vitambaa vya meza vimerundikwa kwenye kiti. Nilishika ukingo wa meza.

"Dada, hii ni nini?"

"Ni sare," mwenyekiti akasema huku anakata. "Si walituma kitambaa? Wewe ukitumiwa kitambaa unafanya nini, unakitundika ukutani?"

"Walituma mchague rangi. Hii ni tartani nyingine. Haya mambo yana utaratibu, huwezi kuziweka mbili pamoja."

"Ile yao haikupatikana, ndiyo tukatafuta ndugu yake."

"Huyu si ndugu yake. Hizi ni koo mbili tofauti kabisa!"

Akaacha mkasi, akanitazama juu ya miwani. "Et alors? Basi iweje? Na harusi ni nini, mama? Si koo mbili?"

Wale wengine wakapiga vigelegele. Nikapandwa na hasira. Niliwaambia wataonekana washamba. Niliwaambia mimi ndiye fundi, mimi ndiye ninayejua, na hakuna aliyeniuliza. Wakaniletea chai. Nilipotoka, kumbe mwenyekiti alikuwa amekwisha nitilia kwenye begi kizibao cha mume wangu, kimefungwa kwa karatasi, na kipimo chake alikuwa amekipata kwa simu kwa mwenye kizibao.

Nafikiri hakuna siku mume wangu alifurahi kama siku ile kizibao kilipofika. Alikwenda chumbani, akakaa huko kwa dakika kumi, akatoka. Chini kilti ya kijani. Juu kizibao chekundu. Mbele ule mkoba wa manyoya na mnyororo uliokuja pamoja na kilti, wa jioni, wakati harusi ni saa tisa alasiri. Miguuni soksi nyeupe na makubazi. Akazunguka sebuleni mara mbili ili marinda yafunguke, akauliza, "Je?"

Nilimwambia avue kizibao. Nilianza kwa utulivu, hilo nalikumbuka. Nilimweleza kwamba tartani mbili hazikai kwenye mwili mmoja, kwamba macho ya mtu hayajui yatulie wapi, kwamba manyoya ni ya jioni. Nikamwambia si mambo ya Wazungu peke yao, hata kwetu mwanamke haendi shughulini na kanga za doti mbili, juu nyingine chini nyingine, atasemwa mpaka akome.

"Kweli," akasema. "Lakini mama alikuwa akinihadithia kwamba siku niliyozaliwa nilizungushiwa kanga za majirani watatu, kila mmoja na yake, na sikufa."

"Ulikuwa mtoto mchanga. Sasa una miaka sitini na mbili."

"Baba yangu Jumapili alivaa msuli chini na koti la suti juu, na kijiji kizima kilimheshimu."

"Kijiji chenu hakikuwa Stockholm."

Akacheka, akaenda kujitazama tena kwenye kioo cha korido. Kile kicheko chake kilinichoma. Nilikuwa natetea heshima yake naye ananiona mama mwenye gubu.

Jumamosi nikapanda ile treni ndogo ya Saltsjöbanan kwenda Fisksätra, nikiwa na hakika kwamba vijana watanielewa. Nilichokuta huko ni bwana harusi mwenyewe amesimama juu ya kigoda, anajipima. Alikuwa amevaa kilti yake, ile ile ya kijani. Alikuwa na tai ya tartani ya tatu, ya njano na nyeusi, kwa kuwa alipewa zawadi na rafiki yake. Mkanda wake mweusi, viatu vyake vya kahawia. Nilikaa chini kabla ya kuombwa.

"Mamma," binti yangu akasema, "det spelar väl ingen roll." Yeye hunijibu Kiswidi tangu ana miaka sita, na hilo ndilo jibu lake kwa karibu kila jambo, kwamba haidhuru.

"Inadhuru," nikasema. "Mwambie mwenzio avue hiyo tai. Na mpigie baba yako umwambie kizibao hakivaliwi. Mimi hanisikii."

"Lakini amefurahi. Amenitumia picha. Amependeza."

Kijana akashuka kwenye kigoda. Kwa Kiswidi chake cha taratibu, kile anachotumia na wanafunzi wake nadhani, akaniambia kwamba baba yake kule Uskoti hana shida na mambo haya, kwamba mavazi ni ya kufurahia, kwamba hakuna askari wa kilti.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia, "Wewe ukivaa hivyo watasema una mtindo wako. Watasema kijana mchangamfu, haogopi. Mume wangu akivaa hivyo hivyo watasema hajui. Watasema masikini, nani alimvisha? Wewe kosa lako ni mtindo, la kwetu ni ushamba. Usiniambie hakuna askari."

Masikio yake yalikuwa mekundu, nami nikaona vibaya, kwa sababu ni mtoto mwema. Binti yangu alikuja akakaa karibu nami, akauliza polepole, "Vem är det som tittar, mamma?" Ni nani huyo anayetutazama? Nilimwambia hawezi kuelewa, amezaliwa hapa. Nikavaa koti langu nikaenda kituoni, na treni ikanikalisha pale dakika ishirini na tano, nikizidi kuwa na haki kila dakika iliyopita.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amevaa tena vyote. Alikuwa jikoni anakaanga samaki akiwa na kilti yake, taulo amelifunga juu ya ule mkoba wa manyoya usirukiwe na mafuta. Aliponiona akainua mwiko, akapiga hatua za ngoma, marinda yakafunguka. Niseme nilichokisema kama nilivyokisema.

"Ukitoka hivyo utakuwa kikaragosi. Watakupiga picha, wafike kwao wakaonyeshane. Na mimi siku hiyo sitasimama karibu yako."

Akazima jiko. Hakupandisha sauti, hajawahi kunipandishia sauti. Akaenda chumbani. Nilisikia mikanda ya ngozi ikifunguliwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Akatoka na suruali yake ya nyumbani, kilti ameikunja mikononi, marinda kwa marinda, bila kosa, akailaza kwenye mgongo wa kiti changu cha cherehani. Kizibao akakiweka juu yake.

"Nitavaa suti," akasema. "Nitafutie dukani kwenu."

Nikwambie ukweli, moyo wangu ulitulia. Nilijiambia ameelewa. Nilimtafutia suti nyeusi, sufu nzuri nyepesi, nikaipunguza mabega, nikamkalishia mikono mpaka ncha ya mkono wa shati ikatokea nje kiasi kile kile kinachotakiwa. Tai nyeusi, shati jeupe, viatu nilivisugua mwenyewe. Kila mara nilipompima alisimama wima na kutazama dirishani. Nilimuuliza kama inambana mahali, akasema hapana, inamtosha. Mimi nilijishonea gauni la bluu lisilo na ua hata moja, na kwenye kamati nikasema kilemba chekundu kitanipa maumivu ya kichwa. Bwana harusi alipoambiwa baba mkwe atavaa suti, alinipigia simu kuuliza kama alikosea kitu. Nikamwambia mzee kaona suti inamfaa zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa sita, jua kali, mlango wa kanisa umeachwa wazi. Baba wa bwana harusi alifika kwa teksi. Huyu ndiye mtu niliyekuwa namwogopa miezi mitatu, Mskoti halisi, na tazama alivyoshuka: kilti yake imepauka viunoni, koti la kahawia la kuwindia, soksi za kijani, ya mguu mmoja imemteremka, na mbele mkoba wa manyoya, tena yamenyonyoka. Mwenyekiti wa kamati alimwendea na tai nyekundu mkononi. Sikumwona mzee yule akisita hata kidogo. Aliinama, akafungwa tai ya ukoo ambao si wake, juu ya ile ya kwake aliyokuwa amevaa tayari, akamkumbatia mwenyekiti na kumwinua kutoka chini. Kisha akaanza kuuliza kwa Kiingereza, yuko wapi mwenzangu, yuko wapi baba wa msichana, tuliambiwa tutakuwa watatu. Mume wangu akajitokeza kutoka pembeni. Mzee yule akamtazama juu mpaka chini, akampa mkono, akasema suti nzuri. Alisema kwa heshima kabisa.

Vijana wakaingia kanisani pamoja, mkono kwa mkono. Sisi wazazi tukakaa benchi la mbele. Nyuma yetu palikuwa pekundu tupu, na katikati ya wekundu ule kijani cha upande wa pili, na kusema kweli macho yangu hayakuuma. Sijui kwa nini. Yalikuwa yananiambia kwamba pamependeza, na mimi nilikuwa nabishana nayo.

Baada ya ibada tulivuka kwenda ukumbi wa usharika. Wahudumu wa chakula walikuwa wanapita na sinia, vijana wanne na mwanamume mmoja wa makamo, suruali nyeusi, shati jeupe, tai nyeusi. Mpiga picha, msichana wa Kiswidi aliyetafutwa na bwana harusi, akataka picha ya familia mbili. Alipanga vizuri. Aliweka kilti katikati, sare pande zote mbili, akaita, njooni nyote wa mistari, hata watoto, hata wewe bibi mwenye kilemba. Viti vilikuwa vimebaki katikati ya sakafu, vinaziba. Akageuka, akamwona mume wangu amesimama peke yake karibu na meza ya vikombe, akamwambia kwa tabasamu, "Samahani, unaweza kuwaondolea viti hivi? Wageni wanataka kupiga picha."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukumbi, nimekwenda kumpa mama wa bwana harusi pini. Niliyasikia maneno yote. Nilimwona mume wangu akivitazama viti, kisha akimtazama yule msichana, kisha akifungua kifungo cha koti ili lisimbane wakati wa kuinama. Akashika viwili.

Nilivuka ule ukumbi nikiwa na maneno ya miaka yote mdomoni. Nilimshika msichana mkono nikamwambia huyo ni baba wa bibi harusi. Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. Aliomba radhi mara tatu, machozi yakimlengalenga, akasema alidhani ni wa ukumbini, kwa sababu ya nguo, familia nzima imevaa mistari isipokuwa wahudumu. Nikatafuta la kumtukana nikakosa. Alikuwa amezisoma nguo kama zilivyo. Na nguo zile, kila uzi, kila pindo, mpaka ncha ya mkono wa shati, zilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nilimgeukia mume wangu. Nilitaka kumwambia aache, waitwe wengine, aende katikati anakongojewa. Alikuwa amekwisha fika ukutani na vile viwili, anavisimamisha vizuri visikwaruze rangi. Hakututazama. Akarudi, akashika vingine viwili, akavipeleka, na akaendelea hivyo mpaka vikaisha.